Jina ya Mutu wa Chukudu

Mafuta ya mawese njo ilinipeleka Beni siku ile. Nilikuwa nauzisha mafuta ku soko ya Butembo, na mafuta safi ilikuwa inatoka upande ya Beni. Ilikuwa mwaka ya elfu mbili na moja, wakati ya rébellion. Kila fasi barrière, na ku kila barrière askari mwenye njaa. Mais batu banakula, vita ao hapana vita, na sombe, yale majani ya muhogo, bila mafuta ni chakula gani? Donc nilienda.

Jioni tulirudia mu kamionette ya Sikuli. Sikuli alikuwa chauffeur wa kwetu, Munande sawa mimi, mutu wa maneno mingi na wa kuimba vibaya. Nilikaa mbele pembeni yake, juu mifupa yangu ilishakataa kukaa juu ya mizigo. Mvua ilikuwa imepita, barabara ilikuwa matope tu, na ukungu ilianza kushuka.

"Mama Joyeuse," Sikuli akaniambia, "ukisinzia hapa nakuacha Maboya."

"Wewe angalia barabara. Mudomo haiendeshi motoka."

Akacheka. Na mimi nikacheka kidogo, juu sikujua.

Mama Joyeuse... Acha nieleze ile jina, juu maneno yote inatoka mule. Joyeuse ni binti yangu, wa mwisho. Mais mama anaitwaka na jina ya mutoto wa kwanza, na wa kwanza wangu alikuwa kijana. Alikuwa anasukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Makala, viazi, mbao, alibeba kila kitu. Gurudumu yake ilikuwa inalia nyii, nyii, unaisikia mbele ya kumuona mwenyewe. Nilikuwa namugombeza, mutoto wa mama wa mafuta anakosa namna gani mafuta ya gurudumu? Anacheka tu. Anasema, "Mama, hivi unajua nimefika."

Siku moja askari bakamukamata ku barabara, abebe masanduku yao ya masasi. Ba upande gani, sijui. Wakati ile pande zilikuwa nyingi, kila kilima na mukubwa wake. Hakurudi. Tulingoja maharagwe ikomae, tukavuna, tukapanda ingine, tukangoja tena. Hakuna mutu alileta habari, hata ya uongo.

Njo Mathe, mudogo ya marehemu bwana yangu, akasema tumuzike. Kumuzika na nini? Na mugomba. Kwetu, mutu akipotea na maiti haionekani, banakata mugomba wa urefu yake, banaufunga na nguo, banaulilia, banauzika. Hivi roho inajua kama nyumbani bamekwisha kuililia, inatulia. Mimi nilikataa. Nilimutukana Mathe mbele ya batu, nikamuuliza kama ameshindwa kungoja juu chakula ya matanga inamuita. Mwisho nilichoka. Mutu anachoka.

Niliufunga ule mugomba mimi mwenyewe, na kitenge yangu ya ndoa, ya bluu yenye ndege. Pembe moja ilikuwa imepasuka, nilikuwa nimeishona na uzi nyekundu. Utomvu ilitiririka mu mikono yangu, nyeupe, maji maji. Kisha ikakauka, ikakuwa nyeusi. Nilifua mikono na sabuni wiki yote na haikutoka.

Na Mathe akasimama ku kaburi, akasema hivi:

"Kuanzia leo ile jina hapana kuiita. Fasi yake imejaa. Mutu akimuita, atarudi. Na akikuta fasi yake imejaa, atatafuta ingine mu ile nyumba."

Mu ile nyumba tulibakia babili. Mimi na Joyeuse, na Joyeuse alikuwa hajamaliza hata kuota meno ya pili.

Kutoka siku ile batu baliacha kuniita na jina ya kijana. Nikakuwa Mama Joyeuse. Walifanya vizuri, balinihurumia. Mais kila mara baliponiita vile, nilikuwa namuzika tena.

Bon. Tulikuwa tunapanda milima ya Kabasha. Kuko kona moja pale, kushoto ni shimo tu na majani. Sikuli alipunguza mwendo, akawasha mataa. Moja tu njo iliwaka.

Mbele yetu, mu ukungu, kitu ikalia.

Nyii... nyii... nyii...

Nikajiambia chukudu ni nyingi mu hii inchi, na batu bavivu pia ni bengi.

Nyii... nyii...

Kisha, pa!

Haikukuwa kwa nguvu. Kioo ya pembeni iligonga kitu, motoka ikatikisika, Sikuli akakanyaga frein. Tulisikia mbao ikianguka mu matope.

"Yesu Maria," Sikuli akasema, na kuimba ikaishia pale.

Tulishuka. Mutu alikuwa amekaa chini pembeni ya chukudu yake, kichwa na mabega imefunikwa na nguo, vile batu banafanya wakati ya mvua. Uso haikuonekana. Mais ile harufu... Nilisikia harufu mbele ya kuona kitu yoyote. Harufu ya mugomba wenye bamekata sasa hivi.

"Pole, papa," Sikuli akasema. "Umeumia?"

"Kidogo."

Sauti ilikuwa kavu, ya mutu mwenye hakunywa maji siku mingi. Sikuli akamulika goti yake na torche. Ngozi ilikuwa imechunika. Tukangoja damu itoke, juu ngozi ikichunika, damu inatoka, hata mutoto anajua ile.

Haikutoka.

Kilitoka kitu cheupe. Maji maji. Pole pole... kikashuka ku mguu, kikaingia mu matope.

Sikuli akazima torche.

"Panda," akasema, "tukupeleke ku hopitali."

"Hapana hopitali. Muende ku bureau ya polisi, ku barrière. Museme mulinigonga. Museme jina yangu."

"Jina yako ni nani?"

Upepo ukapita mu majani.

"Muende tu," akasema. "Nitafika."

Wakati ile hakuna mutu alipenda kuingia mu bureau na miguu yake mwenyewe. Unaenda kusema kioo imevunjika, wanabakia na motoka mzima. Mais barrière ilikuwa mbele yetu, ku njia ileile, na kurudi nyuma hatungeweza. Nani angepita tena pale?

Mu motoka nilishika rozari mu mufuko na sala haikukuya. Nyuma ya dakika kidogo Sikuli akaniuliza, bila kuniangalia:

"Mama, uliona ile nguo yake?"

"Kulikuwa giza."

"Na mimi pia," akasema mbio. "Mimi pia sikuona."

Nilikuwa nimeona. Bluu. Nikaambia moyo yangu kama bluu ni mingi duniani, na ndege pia ni mingi.

Barrière ilikuwa kamba juu ya barabara, nyumba kidogo ya mabati, na taa ya petroli ndani. Pembeni ya mulango, banc ya mbao. Na chukudu ilikuwa imeegemea ukuta.

Gurudumu yake ya mbele ilikuwa bado inazunguka.

Nyii...

Ule mutu alikuwa ameshakaa ku banc, mugongo kwetu. Hakuna njia ya kutoka Kabasha kufika pale mbele ya motoka. Nimezaliwa mu ile milima. Nawaambia, hakuna.

Mwenye bureau alikuwa polisi mumoja jina yake Valentin, mutu wa Kindu. Walimutuma kwetu mbele ya vita, vita ikamufungia pale. Alikuwa amekonda, chemise yake imefuliwa mpaka rangi ilikimbia. Alituangalia mbele hatujafungua mudomo.

"Ni ule wa kona?"

"Unajua namna gani, commandant?" Sikuli akamuuliza.

"Kila chauffeur mwenye kupita na jioni ananiletea maneno ileile. Nimegonga mutu wa chukudu, kidogo tu, anaomba tuseme ku bureau. Natoka, namukuta amekaa pale. Namuuliza jina, ananyamaza. Sasa ku constat, ile karatasi ya ajali, naandika nini? Motoka imegonga nani?" Akapangusa uso na mukono. "Asubuhi nakuta doa nyeusi ku banc, basi. Miye si mutu wa huku, mambo yenu siijui. Mais niko na mama yangu Kindu. Kama ni miye niko vile ku barabara, ningependa mutu mumoja aseme jina yangu."

Akanyanyua taa, akaielekeza inje.

"Mama, muangalie vizuri. Unamujua?"

Sikuli akainama ku sikio yangu. Alikuwa Munande, alishaelewa yote.

"Hapana kusema, mama," akanong'ona. "Uko na Joyeuse."

Niliangalia. Mwangaza ya taa ilianguka ku mabega ya ule mutu. Ndege za bluu. Pembe yenye kupasuka. Uzi nyekundu, na mushono mubaya, mushono wangu, juu sijawahi kujua kushona.

Na mukono yake. Alitema mate mu kiganja, akasugua goti, akazungusha, akazungusha. Hivi njo alifanya tangu mudogo. Akianguka halii. Anasugua goti, anangoja mama aseme pole.

Nilikasirika. Munaweza kushangaa, mais uoga haikunipata kwanza, ilikuwa hasira. Nilimukasirikia Mathe na mugomba wake. Nilimukasirikia askari, na wakubwa bao, na hata Mungu, anisamehe. Mutoto yangu anakaa ku banc ya polisi kila jioni, analomba bageni bamutaje, na mimi mama yake njo nanyamaza! Kisha uoga ikafika. Nilimuona Joyeuse nyumbani, peke yake ku mbabula ya makala, anakoroga bugali na mukono yake kidogo.

"Mama," Sikuli akanong'ona tena. "Nakulomba..."

Gurudumu ikalia, pole pole, karibu kusimama.

Nyii...

"Delphin," nikasema.

Valentin akashusha taa.

"Anaitwa Delphin. Ni mutoto yangu wa kwanza. Muandike vile, commandant. Delphin, mutoto yangu. Pole, baba. Pole sana, mutoto yangu."

Gurudumu ikasimama.

Kichwa ikageuka kidogo ndani ya kitenge. Uso sikuiona, na namushukuru Mungu.

"Aksanti, mama," akasema. "Nakuya nyumbani."

Upepo ukapiga mabati, taa ikainama, ikanyanyuka. Ku banc hakukuwa mutu. Mbao ilikuwa imelowa, na utomvu ilikuwa inadondoka chini... to... to... Chukudu pia haikukuwa.

Valentin aliandika jina ku constat. Akasema, "Asubuhi nitaenda kuchimba pale ku kona." Motoka hakuishika. Kamba aliifungua yeye mwenyewe.

Sijui Sikuli aliendesha namna gani mpaka Butembo. Mimi nilikuwa nasema tu Joyeuse, Joyeuse, sawa mutu mwenye homa. Tulipofika, batu balikuwa ku mulango yangu. Mutoto alikuwa chini ku mukeka, macho imefungwa, mwili baridi. Jirani akanieleza kama alikuwa anakoroga bugali, akanyanyua kichwa, akacheka, akasema, "Yaya amefika." Hivi njo alikuwa anamuita kaka yake. Kisha akaanguka.

Nikaweka shavu yangu ku mudomo yake nisikie kama anapumua. Alikuwa anapumua. Pumzi yake ilikuwa inanuka mugomba.

Mathe alikuwa amesimama ku kona ya nyumba.

"Ulimuita?" akaniuliza.

"Nilimuita."

Akaweka mikono ku kichwa, akaketi chini. Hakunigombeza. Kama angenigombeza ningeogopa kidogo.

Asubuhi Valentin akafika na motoka ya Sikuli. Alileta mifupa mu shuka. Aliipata pale pale chini ya kona, mu majani, na chukudu juu yake. Kumbe mutoto alikuwa anarudi. Alishatoroka ao balishamuacha, sijui, mais kichwa yake ilielekea Butembo. Alikufa karibu, na mimi nilipita juu yake kila safari ya mafuta, nikilalamika juu ya matope.

Valentin akanipa kitu ingine. Kitenge ya bluu. Ilikuwa imemufunika, akasema, safi, hata haikuoza.

Mathe akaishika pembe yenye uzi nyekundu. Yeye njo aliiweka ndani ya kaburi na ule mugomba, na udongo juu.

Balichimba nyuma ya nyumba. Mugomba ulitoka uchi, bila nguo. Nilifikiri tutakuta uchafu tu, mugomba unaoza mbio, munajua. Ulikuwa mubichi. Jembe iliugusa kidogo, na utomvu ikatoka, nyeupe, mbele ya macho ya batu bote.

Abbé, padri wetu, akazika Delphin mu fasi yake, na maji ya baraka na nyimbo. Nililia vizuri siku ile, ile kilio yenye nilikuwa nayo ndani tangu zamani, na ilinifanyia muzuri. Mambo ya mugomba hatukumwambia Abbé. Tuliufunika na majani ya ndizi mpaka akaenda.

Joyeuse alikuwa bado hajafungua macho. Vidole vyake vilianza kukakamaa.

"Shemeki," Mathe akaniambia, sauti ya chini, "huu mugomba ulililiwa sawa mutu. Ulipewa jina, ulipewa fasi. Leo tumeunyanganya yote mbili. Usipopewa jina ingine mbele ya jua kuingia, utajichagulia."

Akaangalia mulango ya chumba mwenye mutoto alilala.

"Upe yangu," nikasema.

"Shemeki..."

"Nimesema upe yangu! Ni mimi nilimuita. Chimba, Mathe, jua haingoji."

Akachimba pembeni ya Delphin, yeye mwenyewe, machozi inamuanguka ku jembe. Nilivua kitenge yenye nilikuwa nimevaa, nikaufunga ule mugomba, nikabakia na jupon, sketi ya ndani, mbele ya batu na haya haikunishika. Mathe akainama, akaunong'oneza jina yangu, ile yenye baba yangu alinipa. Alirudisha udongo. Hakuna mutu aliisema tena tangu siku ile, hata Abbé ku komunyo, hata mimi peke yangu mu giza.

Jua ilipoingia, Joyeuse akaamka. Akauliza kama bugali yake iliungua.

Mumenisikiliza hivi tangu mwanzo na hamukuniuliza jina. Muzuri. Musiulize. Batu banarudia kuniita Mama Delphin, na ile inanitosha, inanitosha kabisa. Joyeuse aliolewa Beni, ku mutaa ya Beu, ana batoto bake. Sikuli hajagonga tena mutu ku Kabasha, na alirudilia kuimba, vibaya vilevile.

Wiki yenye ilipita Joyeuse alinitembelea. Tulikuwa tunakata sombe, tunacheka, na kisu ikanikata kidole, ndani sana.

"Mama! Leta nione!"

Nikaficha mukono nyuma. Nikachukua kitambaa nyeupe, nikafunga mbio, nikakaza na meno.

"Ni kidogo," nikamwambia. "Hata damu haikutoka."

Akacheka, akasema nimezeeka vibaya, tukaendelea na sombe. Asubuhi, alipokuwa bado amelala, nikafungua kile kitambaa. Kilikuwa nyeusi, kinanuka mugomba. Nimekifua na sabuni wiki yote.